Mgeni Aliyeingia kwenye Mashine Bila Salamu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua desturi yenu. Kabla ya kuweka programu mpya kwenye mashine, mnasoma kwanza maoni ya watu. Huyu katoa nyota tano, yule katoa moja, huyu anasifu, yule anatukana, kisha mnafuata walio wengi. Sawa. Mimi nami nina maoni, na sikuyatoa baada ya kukaa na programu siku mbili. Nimeishi na mashine ya Mac kwenye barza ya nyumba yangu hapa Kasongo miaka mitatu, na yaliyotokea humo nimeyaona kwa macho. Someni na haya. Ni marefu, lakini hata ugomvi wa watu msiowajua mnausoma kwenye simu mpaka mwisho.

Sikusoma sana. Chuo cha Kurani, kisha darasa la kwanza hadi la tatu, basi. Naandika kwa mkono, mukamwana wangu anapiga kwenye mashine. Nimemkataza kunitengenezea maneno. Akifika mahali panapomhusu yeye, vidole vyake vinakwenda polepole, lakini anapiga.

Mashine ilitoka kwa mwanangu mkubwa, anayefanya kazi Lubumbashi. Alimpelekea mkewe, ndiye huyo mukamwana, ili afungue sekretaria pale barzani: kuandika barua za watu, kupiga picha za vyeti, kutoa karatasi kwenye printa. Haikuwa mpya. Pembe moja ilikuwa imebonyea, na herufi ya M imefutika kwa kuguswa. Mukamwana alimaliza shule ya sekondari, Kifaransa anakijua, na mikono yake ni myepesi. Nikamwachia nusu ya barza. Nusu nyingine ni ya mkeka wangu na ungo wangu wa mchele, na hapo hukaa toka asubuhi mpaka alasiri. Ndiyo maana hakuna kilichopita pale bila mimi kukiona.

Programu ya kwanza kunishangaza ni ile ya kuingia kwa mbali. Siku moja mukamwana aliweka mikono yote miwili mapajani, na mshale ukawa unatembea peke yake kwenye kioo. Unafungua hiki, unafunga kile. Nikaacha kupepeta.

“Iko nani mule ndani?”

“Ni bwana yangu, mama. Anatengeneza printa.”

“Iko Lubumbashi, na anatengeneza printa ya hapa?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi mwambie atengeneze na bati la jikoni. Linavuja toka masika.”

Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Mimi sikucheka. Mtoto niliyemzaa, ambaye hajakanyaga barza hii muda mrefu, yuko ndani ya nyumba yangu anashika vitu, na hajasalimu. Nikamwambia mukamwana amuandikie: akiingia kwangu, asalimu kwanza, hata kama anaingia kwa waya. Toka siku hiyo mwanangu akiingia alifungua karatasi nyeupe kwenye kioo, akaandika kwa herufi kubwa ili niweze kusoma mwenyewe: SALAAM ALEIKUM MAMA, MGONGO UNAENDELEAJE? Namjibu kwa mdomo, mukamwana anaandika, ndipo anaanza kazi yake.

Maoni yangu juu ya programu hiyo: ni nzuri. Inaleta mtu karibu asiyeweza kuja. Barabara zetu mnazijua, na ndege si ya kila mtu. Lakini ina kidirisha chake. Kabla mtu hajaingia, kinatokea kidirisha kidogo kinachosema fulani anaomba kuingia, na chini kuna vitufe viwili, Kubali na Kataa. Ni hodi ile ile. Na juu ya hodi lazima niwaeleze sheria ya nyumba hii, kwani bila hiyo hamtaelewa kosa lilitokea vipi.

Babu zetu walikuwa watu wa safari na biashara. Nyumba zao hapa Kasongo zilipokea watu toka mbali, wa dini hii na ile, na hakuna aliyeulizwa mlangoni anatafuta nini. Mgeni akipiga hodi anakaribishwa, anapewa maji, anakaa. Maswali baadaye. Baba mkwe wangu alikuwa akisema nyumba inayomsimamisha mgeni nje itakula peke yake hata siku ya msiba. Hiyo nimeilinda. Mukamwana alipoolewa, juma lake la kwanza hapa, alikuja mzee mmoja toka Kabambare akapiga hodi, yeye akamwacha amesimama juani huku anatafuta kitambaa cha kichwa. Mzee akaenda zake. Sikusema na mukamwana siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia: “Kitambaa kinaweza kungoja. Mutu hangoji.” Hajasahau tena.

Sasa barua pepe. Hiyo nimeisikia ikisifiwa na kila mtu, na mimi pia naisifu, kwa kiasi. Zamani kupeleka barua Kabambare ulimtafuta mwenye piki-piki, ukampa na cha kula njiani, ukaomba mvua isinyeshe. Sasa barua inafika Bukavu kabla hujafunga mdomo. Kwenye Mac yetu mukamwana alitumia ile programu inayoziweka barua ndani ya mashine, si ile ya kusomea kwenye mtandao tu, kwa sababu rezo yetu, huo mtandao wenyewe, inakuja na kuondoka kama mbuzi wa jirani. Lakini sanduku lilikuwa moja kwa watu wote. Wachimbaji dhahabu toka Kivu wanaopita kwenda kwenye machimbo, walimu, wenye maduka, mtu wa kanisa, mtu wa msikiti, wote walitumia anwani ya nyumba yetu, kwani kufungua ya kwao waliona shida. Majibu yao yakaja kwetu. Mke wa mtu akamwandikia mumewe matusi, tukayasoma sisi. Nilimwambia mukamwana hilo si sanduku, ni kisima cha mtaa, kila mtu anatumbukiza ndoo yake. Akasema ndiyo inayoleta wateja. Nikamwachia, na hapo nilipaswa kusema zaidi.

Na ya tatu, ile ya kusafisha mashine. Hiyo sitaisifu.

Mashine ilianza kuwa nzito. Unabonyeza, inafikiri. Mteja mmoja anayeuza simu sokoni akamwambia mukamwana iko programu inayosafisha Mac, yeye mwenyewe anayo, na watu wameisifu sana. Mukamwana akasoma maoni, akanigeukia na furaha.

“Mama, wote wametoa nyota tano.”

“Wote ni akina nani?”

“Watu walioitumia.”

“Unamujua hata mumoja? Unamujua mama yake?”

“Mama, ni watu wa dunia nzima.”

“Basi dunia nzima ije isafishe.”

Akaiweka. Siku ya kwanza ikasema imekuta taka maelfu. Akaifagia. Siku ya pili ikasema imekuta taka maelfu tena, na kwamba mashine ni mgonjwa. Siku ya tatu mgonjwa yuko hatarini. Mimi nimewahi kumjua mganga wa namna hiyo. Anapita njiani, hujamwita, anasimama mlangoni anakuambia mtoto wako ana kitu tumboni, na dawa anayo yeye. Mtoto anacheza. Ukimfukuza anarudi kesho na ugonjwa mwingine. Nilimwambia mukamwana hivyo. Akasema, “Mama, hii ni programu, si mutu.” Nikamwambia nyuma ya kila programu kuna mtu, hakuna iliyojiotea shambani.

Sasa niwaambie ya mjukuu wangu, kwani bila yeye haya yote yangekuwa porojo za barzani.

Ni binti wa kwanza wa mwanangu na mukamwana. Alishika diploma yake ya sekondari, akakaa nyumbani mwaka mzima akiomba nafasi kwenye chuo kimoja cha wauguzi Bukavu. Mwaka mzima si mchezo kwa msichana wa hapa. Wachumba walikuja wawili, nikawarudisha wote wawili, watu wakasema bibi amezeeka vibaya. Halafu Jumamosi moja barua ya chuo ikaingia kwenye lile sanduku letu la watu wote: amepata nafasi. Ndani yake kulikuwa na fomu yenye namba yake peke yake. Aijaze, aambatishe picha ya diploma na cheti cha kuzaliwa, arudishe kutoka anwani ile ile, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Asiporudisha, nafasi anapewa mwingine.

Mtoto alilia kwa furaha, mama yake akalia, mimi nikapika wali. Fomu hawakuitoa kwenye printa siku hiyo, kwani wino ulikuwa umekwisha na cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado kwenye ofisi ya wilaya. Wakasema Jumanne wataanza. Barua iko, inakwenda wapi?

Jumatatu mukamwana alikuwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni na mashine barzani, anakimbia huku na huku. Mjukuu alikwenda kufuata cheti. Kidirisha kikatokea kwenye kioo. Hakikuwa kile cha kila siku chenye jina la mwanangu. Hiki kilitoka kwenye programu ya usafi, na kilisema mtaalamu wetu anaomba kuingia akusaidie kuponya mashine. Mukamwana alikuja na mwiko mkononi, akasoma, akabonyeza Kubali, akarudi kwenye sombe.

Nilimwuliza baadaye kwa nini. Alisema: “Aliomba hodi, mama. Niliona haya kumuacha anje.”

Mimi niko kwenye ungo. Mshale ukaanza kutembea. Nikadhani ni mwanangu, nikaweka ungo chini nikangoja herufi kubwa. Hazikuja. Mshale ukafungua sanduku la barua. Nikangoja tena. Ukaenda mahali pengine, ukaandika kitu nukta nukta, zile nukta wanazoficha neno la siri.

“Bwana yako leo amesahau kusalimu!” nikamwita.

“Si yeye, mama!” akajibu kutoka jikoni. “Ni mugeni, ni fundi! Muacheni amalize!”

Mgeni. Anayeingia, anapita mbele ya mama mwenye nyumba, anafungua sanduku bila neno. Nimepokea wageni maisha yangu yote, na mwizi mwenyewe akiingia mchana hujifanya anasalimu. Nikainuka. Kuzima sikujua. Nilishika kifuniko cha ile mashine nikakifunga pap, kama mfuniko wa sufuria, nikang’oa na modemu, kile kidude cha kuleta rezo, nikaikalia.

Mukamwana alitoka na mwiko. “Mama, umefanya nini? Atafikiri tumemufukuza!”

“Afikiri.”

Lakini nilikuwa nimechelewa. Mjukuu aliporudi na cheti chake wakafungua, sanduku likakataa. Neno la siri si lile. Wakajaribu, wakajaribu. Hata zile barua ambazo programu huweka ndani ya mashine zilikuwa zimefagiliwa, maana huyo mtu alizifuta pale pale mbele ya macho yangu, nami nikimngoja anisalimu. Mjukuu hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya barza na cheti mapajani, akawa anakikunja na kukikunjua. Hiyo ilinichoma kuliko kilio.

Tukampigia mwanangu. Alimfokea mkewe kwenye simu mpaka nikaichukua ile simu.

“Nifokee mimi,” nikamwambia.

“Mama, wewe hukubonyeza.”

“Mimi ndiye nilimufundisha kwamba hodi haikataliwi. Sasa acha kelele, sema tunafanya nini. Tuandikie chuo kwa anwani nyingine?”

“Hawatapokea, mama. Wamesema ile ile. Na namba ya simu hawakuweka.”

Akaeleza njia iliyobaki. Sanduku likifungwa hivyo, wenye kampuni wanatuma namba ya tarakimu sita kwenye simu iliyoandikishwa siku sanduku lilipofunguliwa. Ukiitia ile namba, unawekewa neno jipya la siri. Namba inaishi dakika chache tu.

“Simu gani iliandikishwa?”

Mukamwana akainamisha kichwa. “Ya mama mudogo.”

Ni mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Wakati ule alikuwa akikaa nasi kwa sababu ya macho yake, na simu yake ndiyo iliyokuwa karibu. Macho yalipopona akarudi Wamaza kwenye karanga zake, akaondoka na simu. Na Wamaza alipo yeye rezo haifiki nyumbani. Inabidi kupanda kilima nyuma ya shule, naye hapandi kila siku, ni mtu mzima. Simu yake huizima ili batri isiishe.

Tukapiga Jumatatu, tukapiga Jumanne asubuhi. Imezimwa. Basi yule anayesema barua pepe imeondoa piki-piki, aje aniulize. Jumanne nilimtafuta mtu wa piki anayepita Wamaza akienda Kabambare, nikampa ujumbe kwa mdomo, nikamfanya aurudie mara tatu mbele yangu: Alhamisi, saa nne ya asubuhi, panda kilima, washa simu, chukua miwani. Njiani alikutana na mvua. Kama aliufikisha au hakuufikisha, hatukuwa na namna ya kujua mpaka Alhamisi.

Jumatano fomu haipo, sanduku limefungwa, watu wanakuja kudai barua zao, nami nawaambia wakae, sanduku lina ugonjwa. Mmoja, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alisema mbele ya wote, “Bibi, mukamwana wako ameuza barua zetu.” Nilimwambia kama barua yako ina bei, tuonyeshe. Walicheka, lakini wawili hawakurudi tena mpaka leo.

Alhamisi, saa nne. Mjukuu kwenye mashine, mwanangu kwenye simu ya mukamwana akituelekeza, mimi na simu ya mjukuu imewekwa sauti ya nje. Nikapiga. Ikaita.

“Halo, yaya? Niko huku juu. Jua linanipika.”

Yaya ndivyo anavyoniita, mimi dada yake mkubwa. Nilimshukuru Mungu, nikamwambia mjukuu aombe ile namba. Akabonyeza. Kitambo kidogo.

“Ujumbe umeingia,” mdogo wangu akasema. “Iko na namba sita.”

“Nisomee.”

“Hapana.”

“Miwani uliacha?”

“Miwani niko nayo puani. Ujumbe unasema: usimpe mtu yeyote namba hii.”

“Mimi si mtu yeyote. Mimi ni dada yako.”

“Mutu yeyote ni mutu yeyote. Na ni wewe uliyenifundisha! Jirani alipoibiwa kwa simu, si ulinipigia ukasema, hata mimi mwenyewe nikikuomba namba, usitoe?”

Nilisema hivyo. Kweli nilisema. Mwanangu kwenye ile simu nyingine anapiga kelele, “Haraka, mama, inakufa!”

“Nilikutumia mutu wa piki kwa kazi hiyo!”

“Mutu wa piki alisema panda kilima. Hakusema toa namba. Na sauti siku hizi wanaziiga, nimesikia. Kama ni wewe kweli, nijibu kitu. Siku ya arusi yangu, nani aliunguza wali?”

Barza nzima ikanigeukia. Lazima mjue kwamba kwa wali mimi ni mkali. Mukamwana miaka yote namkumbusha ule wali wa arusi ya mdogo wangu, sufuria kubwa tatu zilizoungua mpaka jirani akatoka kuuliza, nikimwambia hiyo ndiyo kazi ya mtu asiyesimama na moto wake. Na siku zote nilisema ni shangazi.

“Ni shangazi,” nikasema.

“Basi wewe si dada yangu. Nakata.”

“Ngoja!”

“Nangoja. Jua linanipika.”

Nikamtazama mjukuu. Fomu yake iko ndani ya lile sanduku, na Ijumaa ni kesho.

“Ni mimi,” nikasema.

“Sema vizuri, rezo inakatika.”

“Ni mimi niliunguza! Nilikwenda kutazama bwana arusi!”

“Aaa. Yaya! Habari ya nyumbani?”

Mukamwana alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mwanangu kwenye simu akasema kwa adabu sana kwamba namba imekwisha kufa, tuombe nyingine. Tukaomba nyingine. Mdogo wangu akasoma tarakimu moja moja, polepole, kila moja akiirudia, mjukuu akaitia, na sanduku likafunguka.

Barua za watu nyingi zilikuwa zimetupwa kwenye pipa la takataka la humo humo ndani, na pipa lilikuwa halijamwagwa. Ya chuo ilikuwemo. Mjukuu alitoa fomu kwenye printa, wino tulikuwa tumenunua Jumanne, akaijaza kwa kalamu, mama yake akaipiga picha pamoja na diploma na cheti, zikaondoka kabla ya adhin ya adhuhuri. Jioni ile ile, kabla ya magharibi, chuo kikajibu mstari mmoja: tumepokea, dosiye yako ya maombi imekamilika. Alisafiri mwezi uliofuata, piki-piki, kisha gari, na mfuko wa mchele wangu begani.

Yule mtu hatujui alikuwa nani wala alikuwa nchi gani. Alikwisha kuwaandikia baadhi ya wateja wetu, kwa jina la nyumba yangu, kwamba tuna mgonjwa watusaidie pesa. Ilibidi nipite kwa kila mmoja kwa miguu yangu, mtaa kwa mtaa, kusema nyumba haina mgonjwa. Mwanangu aliingia kwa ile programu ya mbali, akasalimu, akasafisha mashine yote ikawa kama mpya, akaing’oa ile ya usafi hadi mizizi. Mashine ikawa nyepesi. Uzito wote ulikuwa wa yule mfagiaji mwenyewe.

Mukamwana alitaka kuifunga sekretaria. Alisema hana uso wa kukaa barzani. Siku mbili hakunitazama. Kumwambia kosa si lake haikutosha, na lisingekuwa neno la kweli, kwani alibonyeza yeye. Lakini alibonyeza kwa adabu niliyomtia mimi, kwa ukali, siku ya yule mzee wa Kabambare. Nimeifikiria sana sheria hiyo. Mlangoni mtu akipiga hodi, unaona miguu yake, vumbi lake, ana jasho au hana. Hata ukimkaribisha kwanza, macho yako yameshamuuliza. Kwenye kioo hakuna miguu. Babu zetu hawakutunga sheria kwa mlango wa namna hiyo, na mimi niliuacha wazi, kwa sababu ulikuwa mdogo na uko juu ya meza.

Kwa hiyo maoni yangu, kama mnataka nyota: barua pepe, nne, na kila mtu afungue ya kwake. Ya kuingia kwa mbali, tano, kwa mtu unayemjua. Ya usafi, hakuna. Na hao waliotoa tano, ningependa kuwaona sura.

Ijumaa ya juma lililofuata, baada ya sala, niliwaita wote wa nyumbani barzani, mukamwana akae mbele, na mwanangu asikilize kwenye simu. Nikawaambia hivi: “Kwenye mlango wa mbao, sheria ni ile ile, mugeni anakaribishwa. Kwenye mashine, mutu yeyote akiomba kuingia, apige kwanza simu, nisikie sauti yake, anitajie mama yake. Asipofanya hivyo, bonyezeni Kataa. Hata akiomba mara kumi. Hata akisema anatusaidia. Kataeni, na haya yake nitabeba mimi.”